Niliifanyia SEO karakana ya baba mkwe, mteja wa Likasi akaenda kuitafuta Lubumbashi

Wakuu, salamu kutoka Likasi, huku Katanga, Kongo.

Mimi ni msomaji wa kimya humu jukwaani. Jana nimeona mtu anauliza afanyeje tovuti yake ionekane kwenye search, ndiyo hiyo SEO, na watu wanamjibu kwa kujiamini, kama nilivyokuwa najiamini mimi. Nikaona nikinyamaza nitakuwa mchoyo.

Ninayoeleza yamenitokea. Sehemu za aibu sijazipunguza, maana nikizitoa uzi utabaki na salamu tu.

Kwanza mnijue. Ni mwalimu wa Kifaransa, sekondari. Wekeni hilo akilini, ndilo lililoniponza.

Baba mkwe wangu, Papa Ngoy, ni fundi wa mota za umeme. Alifanya kazi kiwandani miaka mingi, akastaafu, akafungua karakana yake Shituru, mtaa wa hapa Likasi, kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba za zamani za kampuni. Mota ya mashine ya kusaga au ya pampu ikiungua, anaifungua, anatoa nyaya za shaba zilizoharibika na kusuka nyingine kwa mkono. Kazi hiyo huku tunaiita bobinage.

Mwaka jana wateja walikauka. Waliokuwa wanamjua wamestaafu kama yeye, na vijana wanatafuta kila kitu kwenye simu.

Mke wangu Clarisse akaniambia baba yake ameshaongea na muuza vinywaji mmoja anayetaka karakana iwe stoo ya makreti. Walikubaliana kwamba mvua zikiisha na kazi haijarudi, atampa funguo. Clarisse alinieleza huku analia. Anamjua baba yake, mzee yule akikaa nyumbani bila kitu mkononi hamalizi mwaka.

Nikamwambia niachie mimi, nitamtengenezea tovuti.

Hapa nieleze jambo kidogo. Kwetu mkwe na baba mkwe hawazoeani. Mnaheshimiana mpaka inakuwa kama mnaogopana. Hukai naye kupiga soga wala humhoji kazi yake. Na yeye akikasirika hakugombezi, anamwambia binti yake, halafu binti ndiye anakuletea ukiwa unakula.

Kwa hiyo nilitengeneza tovuti ya karakana bila kumuuliza mwenye karakana swali hata moja. Niliona kuuliza ni kukosa adabu.

Badala yake nikauliza video za mtandaoni. Nilitazama nyingi, wakuu. Nikawa natembea shuleni nasema "keyword" mbele ya walimu wenzangu ili waniulize maana yake. Hakuna aliyeuliza.

Sasa tazameni nilichofanya.

Jina nililoipa ni Ngoy Electro Solutions Group. Group yenyewe ni mzee mmoja na stuli yake.

Maelezo nikayaandika kwa Kifaransa cha kutahinia watu. Niliandika kwamba sisi ni vinara wa "solutions électromécaniques intégrées". Neno bobinage niliona ni la mtaani, nikaliweka mara moja tu, chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, pembeni ya neno Likasi.

Likasi niliiandika ndogo kwa sababu jamaa mmoja kwenye video alisema lenga mji wenye watafutaji wengi. Basi nikaweka Lubumbashi, mji mkubwa ulio zaidi ya kilomita mia kutoka kwetu, kwenye title, Lubumbashi kwenye kichwa cha habari, Lubumbashi chini ya kila picha. Hesabu yangu ilikuwa kwamba watu wa Lubumbashi watatuona na kutufuata, na wa Likasi watajua wenyewe. Anwani nikaandika namba ya nyumba na jina la avenue tu, na avenue yenye jina hilo ipo karibu kila mji wa Katanga.

Picha nikachukua za bure mtandaoni. Wazungu wamevaa helmeti nyeupe, wanatabasamu mbele ya mtambo. Papa Ngoy hana helmeti, na kutabasamu si tabia yake.

Namba ya simu nikaiondoa. Niliona namba kubwa juu ya ukurasa inafanana na tangazo la mganga. Nikaweka contact form, ujumbe uende kwenye email niliyoifungua siku hiyo. Sikuijaribu hata mara moja.

Nikachukua simu yangu, nikaandika jina lote la kampuni niliyoibuni mwenyewe. Ikatokea ya kwanza. Nikamwita Clarisse aje aone.

Mtu yeyote akitafuta jina ambalo duniani analo yeye peke yake, ataliona la kwanza. Wakati ule sikulijua hilo, nilijiona mtaalamu.

Halafu kuna takwimu za watembeleaji. Niligundua kuna mtu wa Likasi anafungua ukurasa wetu kila asubuhi, anarudi mchana, na Jumapili anakaa muda mrefu kidogo. Nikamwambia Clarisse kuna mteja mkubwa anatuchunguza, pengine anapima kama tunaweza kazi ya kiwanda kizima. Kwa zaidi ya wiki mbili nilikuwa namsubiri mtu huyo kwa heshima.

Alikuwa mimi.

Miezi ikapita. Papa Ngoy hakuuliza kitu, na mimi sikumwambia kwamba tovuti ipo. Kila nikienda kumsalimia nakuta stuli, redio, na yeye anafuta vifaa ambavyo ni visafi tayari. Moyoni nilijua, ila nikawa najiambia SEO inahitaji subira.

Mvua zikaanza kuwa chache.

Jumatano moja nimetoka shule nikapita Shituru. Nimekaa na Papa Ngoy, kila mtu anatazama upande wake kama kawaida yetu, likaingia gari dogo la mizigo. Akashuka mama mmoja, nguo zina vumbi la safari. Baadaye nilimfahamu kuwa ni Mama Kapinga, ana mashine ya kusaga mahindi Kikula, hapa hapa Likasi. Nyuma ya gari kulikuwa na mota imefungwa kwa kitenge. Maneno nawaandikia kwa Kiswahili chetu: njo ni ndiye, minye ni mimi.

"Papa, jambo. Banasema weye njo unatengenezaka ba moteur?"

"Njo minye, mama. Iko na nini?"

"Iliungua ile juma ingine. Jana nilienda nayo mpaka ku Lubumbashi. Nilizunguka siku muzima, natafuta hii kampuni. Sikuiona."

Akampa simu. Binti yake ndiye aliyetafuta. Aliandika bobinage na Likasi, ukurasa ukatokea, akasoma maandishi makubwa na kumwambia mama yake kwamba Likasi hakuna, wako Lubumbashi. Alijaza ile form mara mbili bila kujibiwa, mama akachoka kusubiri, akapakia mota kwenye gari na kuondoka.

Yaani SEO ilifanya kazi, wakuu. Tulionekana.

Papa Ngoy akavaa miwani, akawatazama wale wazungu wenye helmeti kwa muda, kisha akarudisha simu.

"Hapana, mama. Hii siijuwe."

"Banaandika Ngoy."

"Ba Ngoy beko bengi," akasema, na akainama kuifungua mota.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nawaambia ukweli, niliitaka. Mama angetengenezewa mota yake, angeondoka, na mimi ningeenda nyumbani kuufuta ule ukurasa kimyakimya. Lakini nilimwona anakaa chini kwenye tofali na kuvua viatu, miguu imevimba. Nikashindwa.

"Papa, ni hapa," nikasema.

"Hapa wapi?"

"Hii kampuni ni hapa. Ni weye. Njo minye niliandika."

Dereva alicheka kidogo, akaona hachekewi, akarudi garini.

Mama Kapinga akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Minye naikala Kikula," akasema taratibu. "Weye ulinituma Lubumbashi."

Nikaomba radhi. Akaniambia tangu mashine isimame, wateja wake wameanza kupeleka mahindi kwa jirani, na mteja wa unga akishazoea kwingine kumrudisha ni kazi. Papa Ngoy hakunitazama kabisa. Alimwambia mama arudi Ijumaa, na Ijumaa mota ilikuwa inazunguka.

Usiku wa Jumatano ile nilisubiri ujumbe wa Papa Ngoy kupitia kwa Clarisse. Haukuja. Nikaifungua ile email kwa mara ya kwanza, baada ya kuhangaika na password. Nilikuta jumbe mbili za binti wa Mama Kapinga. Chini yake ujumbe wa tatu, wa mtu wa Kambove, mji wa jirani, ambaye pampu yake ya kisima iliungua, ameandika wiki nyingi zilizopita. Nikampigia asubuhi. Akasema asante, alishanunua nyingine.

Niliona haya mpaka sikuweza kunywa chai.

Jumamosi Clarisse akaniambia baba yake ananiita. Nikauliza amesema nini. Akasema hajasema kitu, anataka niende mwenyewe.

Wakuu, nilioga kwanza.

Nilimkuta ametoa stuli ya pili. Sijui aliitoa wapi, sikuwahi kuiona.

"Mukwe, ikala."

Nikakaa.

"Weye uliniogopa, minye nilikuogopa. Na ule mama njo aliteseka."

Halafu akanitaka nimsomee kila nilichoandika. Nikasoma, na sauti yangu ya darasani ikaniishia njiani. Nilipofika kwenye "intégrées" akainua mkono.

"Ule muntu unaelezea, siku moja utanipeleka nimuone."

Nikatazama chini. Nilipoinua kichwa nikakuta anacheka, kicheko cha kimya kinachotikisa mabega. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kukiona.

"Bantu bakifika hapa, unajua banasemaka nini?"

Nikasema sijui.

"Basi andika."

Kuanzia siku hiyo, kila nikitoka shule nilikaa pale na daftari. Hakuna mtu hata mmoja aliyesema électromécanique. Mmoja alisema mota "inalia lakini haizunguke". Mwingine, "inanuka". Mwingine, pampu "inatoa moto kisha inazima". Yote nikayaweka kwenye ukurasa, mengine kwa Kifaransa cha kawaida, mengine kwa Kiswahili chetu cha hapa, vilevile walivyosema.

Jina la ukurasa likawa bobinage ya mota, Shituru, Likasi. Lubumbashi nikaifuta yote. Namba ya simu ya mzee nikaiweka juu kabisa, kubwa, na ikifanana na tangazo la mganga acha ifanane. Njia nikaielekeza kama mtu anavyomwelekeza mwenzake, ukivuka reli ingia upande wa nyumba za zamani za kampuni, uliza bobinage. Nikaweka alama kwenye ramani, nimesimama mlangoni kwake. Wazungu nikawaaga. Picha sasa ni mikono ya Papa Ngoy na nyaya za shaba.

Yeye aliomba sentensi moja tu iwekwe, nami nikaiweka bila kunyoosha chochote: "Kama moteur yako ilisha kufa, nitakuambia ilisha kufa."

Kupima, sikutumia tena simu yangu. Niliazima ya mwalimu wa jiografia, nikaandika "moteur ya moulin inaungua Likasi", moulin ndiyo mashine ya kusaga. Tulikuwa wa nne. Nilifurahi kuwa wa nne kuliko nilivyofurahi kuwa wa kwanza.

Simu zikaanza. Si nyingi, nisiwadanganye. Na nikiwauliza wanaokuja wamejuaje, wengi wanasema wametumwa na Mama Kapinga. Anasimulia sokoni Kikula habari ya mwalimu aliyemtuma Lubumbashi, watu wakishacheka wanauliza huyo fundi yuko wapi. Kwa hiyo kama mnahesabu, ujinga wangu umeleta wateja kuliko SEO yangu. Lakini wakishatumwa wanafungua simu kutafuta namba na njia, na safari hii wanavikuta.

Mvua zilipoisha yule muuza vinywaji akaja kuulizia funguo. Nilikuwepo. Mlangoni kulikuwa na mota tatu, ndani nyingine zimepangwa hadi chini ya meza. Papa Ngoy hakuinuka.

"Ona mwenyewe," akamwambia. "Ba casier ya vinywaji utaweka wapi?"

Clarisse nilipomweleza alikaa chini, akalia tena. Nikamwacha alie.

Nilichojifunza, kwa mwenye tovuti yeyote: search inakwenda kwa maneno ya mwenye shida, si ya mwenye biashara. Kabla hujaandika neno, nenda ukae walipo wateja uwasikilize wanavyolalamika. Taja mahali ulipo, hata kama mji wako ni mdogo. Jaribu form yako mwenyewe. Jitafute kwa simu ya mtu mwingine. Na muulize mwenye kazi, hata kama ni baba mkwe wako, hasa kama ni baba mkwe wako.

Msidhani nimekuwa mtaalamu. Kwenye ukurasa niliandika kwamba tuko wazi siku zote. Jumapili iliyopita simu ya Papa Ngoy ililia katikati ya misa, padri akanyamaza mpaka ikaisha. Mzee akatoka nje, akaniita kwa kidole, akanigombeza pale mlangoni pa kanisa mbele ya watu. Yeye mwenyewe, uso kwa uso, bila kupitia kwa Clarisse.

Nina furaha wiki nzima.

Saa za kazi nimesharekebisha. Haya, nanyi wenye tovuti semeni mlikosea wapi, nisiwe peke yangu humu ndani. Wataalamu mnaruhusiwa kunisahihisha, nimeshazoea.