Mji Unaokopesheka

Kwa heshima, Levi Wabwile hakuwa na mpinzani. Mtu wa Bungoma aliyeoa upande wa Misikhu, alijua jinsi mkwe anavyoheshimiwa. Hakumpa mama mkwe wake mkono, hakula mbele yake, wala hakukanyaga kizingiti chake. Akimwona anakuja sokoni, alivuka barabara hata kama upande wa pili ulikuwa matope matupu. Wazee walimsifu, na yeye mwenyewe alijisifu zaidi.

Mama huyo, Nakhumicha, alikuwa mjane mwenye kinu cha kusaga mahindi katika mji mdogo uliochipuka pembeni mwa Kitale. Katika manispaa ya mji huohuo, Wabwile alikuwa kaimu mkuu wa mapato. Hilo neno kaimu lilimkera kuliko njaa. Miaka nenda miaka rudi alifanya kazi ya mkuu kwa mshahara wa karani, akisubiri kuthibitishwa.

Basi mji ukataka kuuza bondi, yaani kukopa kwa matajiri wa Nairobi ili ujenge mabomba ya maji taka. Lakini nani atakopesha mji bila kuupima? Akaletwa Sandra Cheptoo, binti aliyekulia Nairobi, ambaye kazi yake ni kuchunguza kama mji unakopesheka. Alikuwa mpole na mwenye tabasamu. Rotich, meneja wa manispaa, alimnywesha chai na kumzungusha kuona taa mpya za barabarani.

"Taa ni nzuri," Sandra alisema. "Lakini nusu ya watu hapa hawalipi kodi ya ploti, na hamjawahi kumgusa hata mmoja. Mji unaoogopa watu wake utawalipa aje wenye pesa? Nionyesheni mkichukua mali ya mtu mmoja tu."

"Kesho asubuhi," Rotich akajibu, kisha akamvuta Wabwile kando. "Tafuta mtu. Ukiweza hii, mambo ya kaimu imeisha, bana."

Wabwile akawapitia wadaiwa kichwani. Hoteli ya diwani? Angefutwa kazi kabla ya chakula cha mchana. Askofu? Angelaaniwa redioni. Mukhwana mwenye baa angetoka na panga. Alitaka mtu ambaye hangepiga kelele mbele ya mgeni. Hapo ndipo, Mungu na amsamehe kama anaweza, alipomkumbuka mama mkwe wake. Hakuwa amelipa tangu mumewe afariki. Na mama mkwe hamfokei mkwe. Hata kumtazama usoni hathubutu. Mila iliyomvusha Wabwile barabara sasa ingemziba mama yule mdomo.

Alijisahaulisha habari ya unga. Alipokuwa hana kazi, na mkewe Phelista ana mimba ya kwanza, Nakhumicha alikuwa akiwaletea unga kila Jumamosi, akiuweka nje ya mlango na kuondoka upesi ili mkwe asimkute. Hakuwahi kuutaja unga huo kwa mtu.

Asubuhi lori lilifika kwa Nakhumicha na askari wa manispaa. Wabwile alisimama barabarani, akavua kofia, akaipa nyumba mgongo kama adabu inavyotaka.

"Wewe huingii?" Sandra alimuuliza.

"Mimi nasimamia kutoka hapa," akasema. Rotich, aliyeujua ukwe ule vizuri, alikohoa tu.

"Ona vile anaheshimu mkwe," askari mmoja alimnong'oneza mwenzake, na kweli alikuwa anamsifu.

Kinu kiling'olewa, mota ikaburutwa juu ya unga uliomwagika huku wanawake wenye madebe yao ya mahindi wakitazama. Nakhumicha alifanya kama alivyofunzwa: alijificha nyuma ya nyumba, leso usoni, asije akakutana na mkwe. Akamtuma askari.

"Mwambie mkwe nitauza ng'ombe. Anipatie tu mpaka mwezi ujao."

Askari akaleta maneno. Wabwile hakugeuka.

"Mwambie mama hii ni sheria. Na umwambie namheshimu sana."

Askari akayapeleka maneno hayo nyuma ya nyumba. Kisha Nakhumicha akatokea, leso iko mabegani, akapita lango na kumwendea moja kwa moja. Wanawake wakaguna. Wabwile alitaka kukimbia, lakini lori lilikuwa limemzibia njia. Mama akamzunguka, akamshika mkono wa kulia kwa kiganja chake kilichojaa unga, akautikisa kama mtu anavyosalimiana na mpita njia.

"Habari ya asubuhi, ofisa," alisema akimkazia macho. "Mimi naitwa Nakhumicha. Na wewe, ni mtoto wa nani?"

Kila mtu wa kwao aliyekuwa pale alielewa: ukwe umekwisha, na huyu sasa ni mtu baki. Wanawake waliinamisha macho, wakaona aibu kwa niaba yake.

Sandra alifurahi sana.

"Umeona?" alimwambia Rotich. "Amechukuliwa kinu na bado anawasalimia kwa mkono! Watu wenu hawana kinyongo. Mji huu unakopesheka."

Rotich akacheka, akamnyooshea Wabwile mkono. "Hongera, mkuu wa mapato."

Wabwile hakuupokea. Wake ulikuwa bado mweupe kwa unga.