Mzee Tuliyetaka Kumtoa Kwenye Gemu

Siku tuliyorudishiwa gemu letu naikumbuka vizuri kuliko siku niliyofunga ndoa, mwanangu, na mume wangu analijua hilo na ameshazoea. Vijana mnaniita mzee wa kazi hii. Sikatai. Kwenye kutengeneza magemu, mwenye miaka arobaini na kitu ni kikongwe, kwa hiyo tulia kikongwe akusimulie.

Tulikuwa wawili, mimi na Elibariki, mtoto wa jirani yetu kijijini kwetu Unyambwa. Tulikuwa na kompyuta moja iliyochoka, ikiwaka inanguruma kama mashine ya kukamua alizeti, na humo ndimo tulimotengeneza gemu la simu tuliloliita Peleka Kuku. Unatia kuku wako kwenye tenga, unakatiza miji ya watu kijijini mpaka Ihanja barabarani, na unatakiwa uwahi basi kabla halijaondoka. Lakini kabla ya yote, mbele ya nyumba amekaa mzee kwenye kigoda. Ukimgusa unamsikia mtoto anasema shikamoo, mzee anaitikia marahaba, ndipo safari inaanza. Usipomgusa, hakuna kinachotokea. Hatukuandika maelezo yoyote hapo, maana nani anaandikiwa maelezo ya kusalimia?

Sauti ya yule mzee ilikuwa ya Mzee Ntandu, jirani yetu mwingine, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Tangu tumrekodi alikuwa anawaambia watu wote kwamba yumo ndani ya simu.

Sasa njoo kwenye kuuza. Maduka ya mtandaoni yanaonekana yako wazi kwa kila mtu, mpaka siku unapotaka kuweka bidhaa yako. Walitaka ada ilipwe kwa kadi ya benki inayokubalika nje, na sisi pesa zetu zote zilikuwa kwenye simu. Tulipopata kadi, duka kubwa tulilolitamani likatuambia tuchague nchi tutakayopokelea malipo. Nikashuka na majina mpaka mwisho, nikapanda tena, Tanzania haikuwemo. Kununua tuliruhusiwa, kuuza hapana. Iliniuma sana, sikufichi. Hapo hakukuwa na kosa letu la kurekebisha, tukahamia duka jingine dogo lililokuwa linatupokea.

Hao nao wakajibu kwa mistari miwili: programu imekwama mwanzoni, haifanyi kitu, imekataliwa. Tukaandika kuuliza, yakarudi maneno yale yale, na chini wakaongeza kwamba tukiirudisha na kasoro hiyo hiyo akaunti yetu itafungwa. Hatukuwa na duka la tatu. Tukifungiwa pale, kazi yetu yote ilikuwa inaishia kwenye simu zetu wenyewe.

Tulichanganyikiwa, maana gemu lile tulikuwa tumelijaribu kwa watu wengi. Wajomba zake Elibariki kule Mitundu walilicheza, wanafunzi walilicheza, wauza kuku wa barabarani walilicheza, na wote, hata wale watoto watundu kabisa, walianza kwa kumgusa mzee. Baadaye tukaelewa. Mkaguzi wa duka, asiyejua salamu zetu, alibonyeza tenga, akabonyeza kuku, akabonyeza barabara, na mzee akawa anamtazama tu.

“Dada, tumtoe mzee,” Elibariki akasema. “Ni kazi ndogo. Leo leo tunalirudisha.”

Nikakubali, mwanangu. Nilitaka kuuza. Ila kumtoa Mzee Ntandu bila kumwambia tulishindwa wote wawili, tukaenda kwake. Tulimkuta nyuma ya nyumba anachonga mzinga wa nyuki. Tukamwamkia, akaitikia, Elibariki akaeleza yote huku anaangalia viatu vyake.

“Huko kwa wenye duka hawasalimiani?” mzee akauliza.

“Hawajui kama wanatakiwa kusalimia, babu. Wanasimama tu.”

“Wao wanasimama. Na mimi nafanya nini?”

“Wewe umekaa kimya, unawasubiri.”

Mzee akaweka tezo chini. “Kumbe mmenisingizia,” akasema. “Hapa kwangu amewahi kusimama mgeni nikamkodolea macho? Mgeni asiyejua taratibu zetu namwita mimi mwenyewe. Namuuliza katoka wapi, namwonyesha pa kukaa. Ninyi mmeniweka humo kama mzee mwenye roho mbaya, halafu mnataka kunifukuza kwa uzembe wenu. Elibariki, mama yako anajua kama siku hizi unafukuza wazee?”

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na ndani ya kicheko kile kulikuwa na aibu. Tulikuwa tumejiuliza wenye duka wanataka nini, tukasahau kujiuliza mzee wetu angefanya nini.

Tukamrekodi palepale, vipande vya mti bado vimemjaa mapajani. Anayesalimia haraka anapita kama zamani. Anayesimama bila kujua la kufanya, mzee anamwita, “Wewe uliyesimama hapo, karibu. Sogea unipe mkono,” na kiganja chake kinanyooka na kung'aa mpaka ukiguse. Hata asiyejua Kiswahili anaelewa kiganja.

“Wakitufungia je?” Elibariki akauliza nilipokuwa nataka kutuma.

“Watatufungia na mzee akiwa ndani,” nikamwambia, nikatuma.

Walikubali. Sasa usidhani tulitajirika. Tuliwekwa chini kabisa, juu yetu yamejaa magemu ya makampuni yenye pesa za matangazo, hata sisi wenyewe tulihangaika kulipata letu. Tukawa tunalitangaza kwa mdomo, stendi na sokoni, kama watu wanaouza vitunguu. Likaanza kununuliwa taratibu. Siku moja mtu wa nchi ya mbali akaandika kwamba kila akifungua gemu hubaki kimya makusudi ili yule mzee amwite. Nilimsomea Mzee Ntandu maneno hayo. Akauliza kama huyo mtu ana babu.

Mwanangu, jana uliniambia gemu lako limerudishwa, na kwamba unafuta ngoma zake na majina ya kwetu ili wasilikatae tena. Acha kufuta. Soma kwanza walichokataa. Kama wameizuia nchi yako, hilo si kosa lako, usijidharau kwa ajili yake. Tafuta duka jingine, na uungane na wenzako mpige kelele mpaka majina ya nchi yaongezwe. Lakini kama mchezaji amepotea kwenye kazi yako, hiyo ni juu yako. Mwelekeze. Mtu akishaelekezwa anaweza kupenda hata asichowahi kukiona, nimeshuhudia mwenyewe. Na ukishakubaliwa, usikae kusubiri duka likutangaze. Toka ukauze.

Mungu akupe riziki kwa kazi iliyo yako kweli. Akupe uvumilivu na watu wasiojibu barua, na wenzako wa kukwambia ukweli. Wanaolicheza gemu lako mbali huko wasikie tunavyoongea huku kwetu, na wakupende hivyo hivyo.