Mstari wa Mwandishi

Siku ile ofisini tulikuwa watu wanne: mimi, Mama Ngoie wa kutoboa kadi za kompyuta, mzee Kalenga mlinzi wa mlango, na chef wetu, mkubwa wa ofisi, citoyen Mwilambwe, yaani “mwananchi”, kama tulivyoitana siku zile. Watatu hao wataapa kwamba hakuingia mtu wa tano. Aliingia, niamini. Mimi ndiye niliyeketi naye.

Wazazi walipotuacha niliacha shule, nikajifunza kupiga mashine ya kuandikia ili wadogo zangu wanne wale. Kampuni ya shaba ilinipa maandishi ya mkono niyafanye kitabu: maelezo ya programu inayoendesha mashine ya kusoma kadi. Kila kipande cha programu kilikuwa na utaratibu wake: jina, kistari, sentensi moja, chini yake vitu kinavyopokea, kila kimoja na mstari wake, mwisho, jibu kinalorudisha. Lakini karatasi zilikuwa zimechanganyika, nami sikuelewa neno. Chef alikwisha kunirudishia kazi mara mbili. Ya tatu, alisema, nibaki nyumbani, mtaani kwetu Kenya.

Adhuhuri ikanyesha ile mvua inayolegeza macho. Chef alikwenda kula. Nilipoinua kichwa, kijana ameketi kando yangu, shati kavu kabisa. Utauliza, sikuogopa? Nilikuwa kama mtu anayebebwa na maji ya uvuguvugu. Alizipanga karatasi kwa kidole chenye ukucha mweusi, hii juu ya ile, na hakuna iliyotoa sauti. Nilipiga mpaka kitabu kikaisha.

“Yaya,” akasema, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa, “kule mbele kuko mustari ya mwandishi. Weka jina yangu. Ni ile tu.”

Akalitaja. Nikaahidi. Kiti kikabaki kitupu.

“Unaongea na mashine sasa?” Mama Ngoie akanitania. “Itakuoa?”

Nikamtajia jina, na ukucha. Hakucheka tena. Huyo ndiye aliyeiandika programu ile, akaniambia. Walimzika Kasungami kabla mvua hazijaanza.

Chef alirudi, akasoma, akaridhika. Kisha akaweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza.

“Pa mwandishi, weka jina yangu.”

Niliwaza wadogo zangu wanne. Nikaliweka la chef.

Tangu hapo, kila karatasi ninayoingiza hujisogeza mstari mmoja kabla sijagusa herufi. Nimebadilisha mashine tatu, ni vilevile. Mstari huo nauacha wazi.

Wewe unayewaandikia wengine, usimwahidi mtu nafasi katika ukurasa usio wako. Jina lake ninalo. Hapa silitaji, maana si hapa nilipoahidi kuliweka. Kitabu kiko kabatini mwa chef, ufunguo uko mfukoni mwake, na mimi bado nadaiwa mstari mmoja.