Kiti Kilichoachiwa Pindo

Mimi nikisema naijua pikipiki, watu hucheka pembeni, halafu zao zikigoma wanakuja kunigongea mlango. Shule sikufika mbali, mwalimu alichoka kabla yangu. Lakini mlio wa injini naujua kama ninavyojua kikohozi cha dada yangu. Kwa hiyo habari ya pikipiki ya Cheche isikilizeni kwangu, msiwasikilize majirani. Siku hizi kila mtu mtaani anadai alikuwepo. Hawakuwepo. Nilikuwepo mimi, tena mbele kabisa, nimekalia ndoo.

Cheche ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Anachomelea mageti na madirisha, ndiyo maana tukampa jina hilo. Karakana yake ni ya mabati na imegusana na duka la mkewe, ambaye ni fundi cherehani. Upande huu cheche zinaruka, upande ule sindano inakwenda, na chai ikiwa tayari mke anagonga ukuta kwa mkasi mpaka bati litetemeke. Wao kwa wao wanaitana Fundi, wote wawili. Mgeni akiingia hapo na kuita "Fundi!" anaitikiwa na watu wawili, halafu hahudumiwi na yeyote.

Bati lazima litetemeke kwa sababu Cheche hasikii vizuri. Kelele za grinda ya kukatia vyuma zimekula masikio yake kidogo kidogo, kama panya anavyokula sabuni: leo huoni, kesho huoni, siku moja unakuta umebaki na kipande. Yeye mwenyewe hakubali. Anakutazama mdomo, anaitikia kwa kichwa, anasema "ndiyo, ndiyo." Kuna mteja alimuuliza mama yake anaendeleaje, akajibu kwamba rangi ya chini ikikauka atampiga nyeusi. Dada yangu alipopelekewa habari hiyo hakucheka hata kidogo. Mimi nilicheka kwa niaba yake.

Jambo la pili la kumjua Cheche ni picha. Mletee picha ya geti, atakutengenezea geti la kwenye picha, si pungufu wala zaidi. Mtu mmoja alimletea picha iliyokuwa imekunjwa mfukoni, na pale penye mkunjo nondo moja ilionekana imepinda. Cheche akaipinda. Akaipinda vizuri, kwa kipimo. Yule mtu alipokuja kulichukua geti lake alisimama muda mrefu mbele yake, akauliza, "Fundi, hii imekuwaje?" Cheche akamwonyesha picha. Mambo yakaishia hapo, na geti lipo hadi leo na nondo yake iliyopinda. Ukipita, sema mjomba wake ndiye aliyekuonyesha.

Sasa, juu ya mashine yake ya kutobolea chuma kulikuwa na picha nyingine, ukurasa wa gazeti la zamani uliokuja umefungia misumari. Ilikuwa picha ya pikipiki, ya aina inayoitwa kafe resa. Nyinyi hamzijui, ngoja niwaeleze. Zamani huko nchi za baridi vijana walikuwa wakifukuzana kutoka mgahawa mmoja hadi mwingine. Ili pikipiki zao ziwe nyepesi waling'oa kila kitu kisichosaidia mwendo, wakaushusha usukani chini kabisa, dereva akawa analala juu ya tangi kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Kiti chake ni kifupi, na nyuma kina nundu kama ya ng'ombe. Cheche alikuwa akiitazama picha hiyo tangu hajaoa.

Na alioa kwa pikipiki, msidhani ni kwa maneno. Binti alileta miguu ya cherehani iliyovunjika, Cheche akaichomelea, akampeleka nyumbani na mzigo wake kwa pikipiki aliyokuwa nayo wakati huo. Njia alikuwa anaijua binti, basi akawa anamgonga bega: la kulia, kata kulia, la kushoto, kata kushoto. Kesho yake miguu ya cherehani ikavunjika tena. Fundi anayechomelea kitu kikavunjika kesho yake mimi simjui, labda awe na sababu.

Masikio yalipoanza kupungua, zile gonga zikabadilika kazi bila mtu kuzijadili. Bega la kulia: kuna mtu kulia, jihadhari. La kushoto: gari linakuja nyuma, sogea kushoto. Mabega yote kwa pamoja: simama! Na kiganja kikibandikwa wazi katikati ya mgongo, maana yake njia ni nyeupe, twende. Wakaishi hivyo mpaka pikipiki ile ikafa kifo cha uzee, wakabaki kutembea kwa miguu.

Mwaka huu ndipo Cheche akaokota nyingine kwa mgawa mikate mmoja aliyestaafu. Nasema akaokota kwa sababu bei ile haikuwa ya kununua. Kuku alikuwa ametaga kwenye boksi la betri, na mnyororo ulikuwa umeshikana ukawa kama fimbo. Mimi nilipiga kiki mara moja nikasikia injini inavuta pumzi ndani. "Huyu hajafa," nikasema, "amenuna tu." Andikeni hilo, nilisema mimi.

Tukaanza kazi. Yaani yeye akaanza kazi, mimi nikaisimamia. Kabureta akaifungua juu ya gunia, akaisafisha kila tundu kwa uzi wa waya. Tangi akalipiga msasa mpaka likaonyesha rangi zote lilizowahi kuvaa. Madigadi ya kukinga tope akayang'oa. Bomba la moshi akalifupisha, likatoa sauti nzito ya mtu mnene anayesafisha koo. Kila baada ya kukata kitu alirudi kwenye picha, akatazama, akarudi kwenye chuma. Halafu akafika nyuma, pale fremu inapobeba abiria. Akatazama picha. Akawasha grinda. Kipande kikaanguka sakafuni, akakisukuma kwa mguu kwenye kona ya vyuma, na mahali pake akafunga nundu ya bati.

Kiolezo cha kiti alikikata kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akampelekea mkewe.

"Fundi, nishonee hiki kwa ngozi ile ya kahawia."

Mke akakiinua kwenye mwanga. "Hiki ni cha mtu mmoja."

Cheche alikuwa anamtazama mdomo, akaelewa. "Ndivyo kilivyo kwenye picha."

"Naona," akasema mkewe, akavuta futi shingoni, akaanza kupima.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nikamngoja Cheche aondoke, nikaingia. "Mkwe wangu, umenuna?"

"Mjomba, ninune kwa ajili ya kiti?"

"Watu wananuna kwa vidogo zaidi. Mimi nimewahi kununiwa kwa ajili ya kijiko."

"Basi mimi sijanuna." Lakini alikuwa anaikanyaga cherehani kama anayefukuzwa. Baadaye akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Kukosa pa kukaa si kitu, miguu ninayo. Akipigiwa honi, Mjomba, nani atamwambia?"

"Mwambie yeye hivyo."

"Nimwambie kwamba hasikii? Mtu ambaye kila siku anajikaza nisijue? Na picha ile ameitazama miaka yote hii." Akakata uzi kwa meno. "Tazama anavyotembea siku hizi. Kama mvulana."

"Basi nitamwambia mimi."

"Wewe ukimwambia, Mjomba, mtaa mzima utajua kabla yeye hajasikia."

Mkwe wangu ana ulimi huyo, lakini nampenda.

Siku ya kuijaribu ilikuwa asubuhi, jua halijawa kali. Siwezi kudanganya, ilikuwa nzuri. Tangi jeusi linang'aa, usukani chini, kiti cha kahawia kimeshonwa mshono mnyoofu hujapata kuona, na nundu nyuma. Cheche alivaa shati alilovaa siku ya ndoa. Akapiga kiki, ikaitika. Akalala juu ya tangi, akanitazama kwa ubavu, akacheka meno yote.

"Mjomba, vipi?"

"Kama pichani!" nikampigia kelele. Na kweli ilikuwa kama pichani.

Akaenda mpaka kwenye kona, akageuza, akarudi katikati ya barabara, hajali dunia. Nyuma yake likatokea lori la mchanga. Likapiga honi. Likapiga tena. Kuku walikimbia, mbwa akaamka, kinyozi akatoka na wembe mkononi, mtaa wote ukasikia isipokuwa yule aliyekuwa anaambiwa. Mimi nilipunga mikono mpaka kofia ikaanguka.

Nikageuka, nikamwona mkwe wangu kwenye mlango wa duka, futi limening'inia shingoni. Hakupiga kelele. Mkono wake ulikuwa unagonga fremu ya mlango, upande wa kushoto, haraka haraka, kushoto, kushoto, kama mbao ile ni bega la mtu.

Lori likapita likimpiga kwa upepo wake. Cheche akashtuka, akapinda, akazama kwenye lundo la mchanga mbele ya nyumba inayojengwa. Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani akamtukania ukoo wake, nami nimo humo, nikamrudishia yangu.

Hakuumia. Kiwiko tu kilichunika. Akaikokota pikipiki mpaka karakana, akakaa juu ya ndoo yangu bila kuniomba. Mimi nilikuwa nimeshaandaa hotuba, tena nzuri, yenye sehemu tatu. Mkewe akanipita na maji na kitambaa, akachuchumaa mbele yake, akaanza kumsafisha kiwiko. Nikaimeza hotuba yangu. Mpaka leo iko tumboni.

"Alipiga honi?" Cheche akauliza.

Mke akaitikia kwa kichwa.

"Nyingi?"

"Nyingi."

Nilidhani atasema upepo ulikuwa mkali, au bomba la moshi lina kelele. Badala yake akasema, "Sikusikia, Fundi. Mimi sisikii."

Mke aliendelea kufuta kiwiko ambacho kilikuwa kimeshatakata.

"Tangu naondoka hapa nilijua kuna kitu hakipo," Cheche akasema. "Nikadhani ni madigadi."

Hapo mkwe wangu akacheka, na kucheka kwenyewe kukamtoa machozi, akajifuta kwa kile kitambaa chenye mchanga. Mimi nilikuwa naangalia dari. Karakana ile ina vumbi sana.

Cheche akainuka, akachukua grinda, akaiendea ile nundu. Ile nundu aliyoipiga msasa kama anayemwogesha mtoto.

"Ngoja," mke akasema, akamshika mkono. Akakifungua kiti, akakigeuza juu chini. Kule chini, ngozi haikuwa imekatwa. Ilikuwa imekunjwa kunjo juu ya kunjo, imeshikizwa kwa mshono mrefu wa mkono, ule wa kufumua upesi. Kama mna watoto mnaujua. Ndivyo mafundi wanavyoshona sare ya mtoto anayekua, wanaliacha pindo nene ndani ili mwakani lishushwe.

"Sikukata," akasema. "Nilikunja."

Cheche akalitazama lile pindo. Akapitisha kidole kwenye mshono, taratibu, kidole kile kigumu cha kushika vyuma vya moto. Kisha akaenda kwenye kona, akapekua, akarudi na kipande cha fremu. Mchomeleaji hatupi chuma, hata iweje. Akakirudisha mahali pake, akavaa miwani, akatuambia tugeuze macho.

Nundu ikaenda zake, sasa inazuia mlango wa banda la kuku. Kiti kikashushwa pindo. Mke akakikalia, akajiweka sawa, akanyoosha mikono. Haikufika. Kwa sababu ya ule usukani wa chini dereva alikuwa amelala mbele huko.

"Fundi, mabega umeyapeleka wapi?"

Cheche akateremka na spana, tayari kuuinua usukani. Mimi moyo uliniuma, maana bila usukani ule inabaki pikipiki ya mikate tu.

"Usiuguse," mke akasema mbele ya uso wake, aone kila neno. "Uache kama kwenye picha. Nitagonga mbavu."

Walikuwa wameoana miaka yote hiyo, na hakuna aliyekuwa amekumbuka kwamba Cheche ana mtekenyo. Gonga ya kwanza ya ubavu aliruka, akapiga ukelele kama msichana, wakalikosa geti kwa chupuchupu, geti lake mwenyewe. Gonga ya pili alicheka mpaka injini ikazima. Siku nzima walikuwa wanazunguka uani wakijifunza, mke akigonga na kukaripia, "Fundi, acha kucheka, hili ni lori!" na yeye akijibu, "Lori gani lina vidole?"

Jioni wakatoka. Wakasimama getini kidogo, mke akabandika kiganja katikati ya mgongo, wakaondoka.

Mimi nikawaacha wafike pale kwenye lundo la mchanga, nikavuta pumzi, nikapiga honi kwa mdomo. Kubwa, ya lori, mnajua mapafu yangu. Mkwe wangu hakugeuka. Mkono wake ukagonga ubavu wa kushoto, mara moja. Cheche akatikisika kidogo, akasogea pembeni kwa adabu, akanipisha.