Ubeti wa Pumzi Moja

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ghala wanakoshonea magunia halijafunguliwa, Bi Shazia amekwisha kukaa kibarazani, miguu ameinyoosha, gunia lililotoboka mapajani. Jina hilo alipewa kwa ajili ya shazia, ile sindano ndefu ya magunia isiyomtoka mkononi. Anatunga uzi mara moja tu, bila miwani, kisha anamgeukia mdogo wake aliyeketi kando.

"Umeona? Na wewe mtoto wa juzi unavaa miwani."

"Dada, wewe macho umeazima kwa paka," mdogo wake anamjibu. Wanacheka wote wawili, mpaka mdogo mtu anapaliwa na kikohozi.

Kicheko cha Bi Shazia kinakatika hapo hapo.

Ana miaka sitini na mitatu. Ushonaji aliujulia katika kiwanda cha vigae vya asbesto, kilichofungwa zamani. Wenyeji walipewa kazi za mashine, ofisi na geti. Wanawake wa kabila lake, watu wachache waliohamia mjini na lugha yao, waliwekwa wote chumba kimoja: kufungua magunia ya asbesto, kuyakung'uta, na kuyashona yatumike tena. Walikuwa kumi na wawili.

"Msimamizi alituambia, 'Nyie watu wa milimani vifua vyenu vya chuma.' Basi tukavimba vichwa! Tulidhani tumesifiwa."

Hata hivyo, ukimtajia chumba kile uso wake unachangamka. Anakumbuka dirisha moja la juu, jua likipenya, na vumbi jeupe likimetameta ndani yake. "Lilikuwa zuri, jamani, tusidanganyane." Anakumbuka walivyosukana nywele saa ya mapumziko na kusengenyana mpaka mbavu ziume. Chumba hicho anakikosa, na kukikosa kwenyewe kunamuudhi.

Kubwa zaidi, anaukumbuka wimbo. Kila asubuhi waliimba wimbo wa kwao, wenye ubeti mrefu wa kuimbwa kwa pumzi moja. Aliyekata pumzi wa kwanza ndiye aliyefagia chumba siku hiyo.

"Tulikuwa na shangazi yetu, sauti yake inapita ukuta. Mwaka wa tisa akaanza kukatia njiani. Tukamcheka, tukamwambia uzee umebisha hodi. Akafagia miezi minane mfululizo."

Anavuta uzi, anaukaza.

"Mgonjwa ndiye tuliyempa vumbi. Kwa mikono yetu wenyewe, huku tunacheka."

Shangazi alikufa kwa saratani ya mapafu. Wengine watano wa chumba kile wakamfuata kwa maradhi hayo hayo. Hakuna hata mmoja aliyevuta sigara.

"Daktari aliniuliza navuta pakiti ngapi. Nikamwambia, mwanangu, mimi hata moshi wa kuni naukimbia."

Kliniki ya kifua iliyo mtaa wa pili sasa inawapima bure wote waliofanya kazi pale. Muuguzi wa kliniki hiyo anasema ugonjwa unaweza kujificha miaka thelathini, na ukiwahiwa kuna la kufanya. Bi Shazia hupimwa kila mwaka. Mdogo wake, aliyekaa chumba kile miaka sita, hataki kusikia. Kikohozi ni cha baridi, anasema, na yaishe.

Mlango wa ghala unafunguliwa. Bi Shazia, kama anayetania, anauanza ule wimbo. Mdogo wake anaudakia kwa furaha. Nusu ya ubeti ananyamaza, mkono ubavuni.

"Nimesahau maneno, dada."

Bi Shazia anaumalizia peke yake. Wimbo huo walifundishwa na mama yao kabla hawajaota meno.

Kwa mazoea ya miaka ile, mdogo mtu anainuka na kuuendea ufagio ulioegemezwa mlangoni. Dada yake anamuwahi, anamnyang'anya.

"Leo nafagia mimi. Wewe vaa viatu, tunakwenda kliniki."

"Na magunia?"

"Yatangoja. Mimi nataka mtu wa kunitania macho yangu mpaka niwe kipofu kweli."

 Mdogo wake anainama, polepole, anatafuta viatu vyake.