Kichwa Kilichohama Saluni

Juzi nilikuwa nasukwa nywele Matonge, mtaa wa saluni za Waafrika hapa Bruxelles. Kwenye televisheni ya saluni akatokea yule mama wetu aliyeanza kama diwani wa komini, yaani serikali ya mtaa, na leo ni mbunge wa mkoa wa Bruxelles. Msusi wangu akanivuta nywele mpaka machozi yakanitoka.

“Wakati wa komini nilikuwa namusuka miye! Kisha kuingia bunge, anaenda kwa mwingine. Angalia, maman, mustari wa katikati umepinda!”

“Lakini anasema nini?” nikamuuliza.

“Anataka kodi za nyumba zisipande.”

“Hata ya kwako?”

“Hata ya kwangu. Alors, na kisha? Nani atamusikiliza na kichwa ya vile?”

Nilirudi nyumbani Koekelberg kichwa kinaniuma, lakini mistari imenyooka kabisa, kama vile miye ndiye niliyengojewa bungeni.