Walitaka tumtoe kipa wetu wa besiboli tupewe mpigaji wa Usagara, Kisesa tukaamua kwa miguu

Wakuu, mwadila. Wakubwa zangu wote, shikamooni.

Naandika jambo lililotokea mbele ya macho yangu hapa Kisesa, Mwanza, na chumvi sijatia. Mwenye kubisha aje uwanjani Jumamosi yoyote aulizie "Mjapani". Ataletwa mpaka nilipokaa.

Mjapani ni mimi. Msukuma mtupu, ila nilikaa Japani miaka kadhaa, nikasoma diploma ya ufundi wa mitambo, nikafanya kazi kiwandani, nikarudi. Leo nina karakana yangu Mirongo, na sikurithi hata spana moja. Wenzangu walirudi na televisheni. Mimi nilirudi na masanduku mawili ya glavu za besiboli, na ndugu zangu pale nyumbani wakadhani nimechanganyikiwa.

Kule nilikuwa nachezea timu ya kiwandani. Nilikuwa mzuri. Sijisifu, natoa taarifa.

Basi nikaanzisha timu Kisesa, jirani na Bujora. Watu wakafyeka uwanja wenyewe, fundi seremala akatuchongea magongo. Sasa hivi tuna timu na tuna mashabiki, na mashabiki wa Kisesa wana kelele kuliko timu.

Kwa wasioujua mchezo, nieleze kidogo halafu tuendelee.

Mmoja anarusha mpira, wa upande wa pili anaupiga kwa gongo na kukimbia vituo vinne. Akirudi nyumbani salama ni pointi. Akiupiga ukavuka uwanja wote, anazunguka akitembea kama bwana harusi. Hiyo ndiyo home run, na ndiyo watu wanayoipenda.

Nyuma ya mpigaji anachuchumaa mdakaji, amevaa kinyago cha chuma. Sisi tunamwita kipa. Kazi yake ni kudaka kila kinachorushwa. Tena mkimbiaji anaruhusiwa kuiba kituo wakati mpira unarushwa, na wa kumkamata mwizi huyo ni kipa. Adake, arushe mpira mpaka kituo cha pili kabla mwizi hajafika. Mkimbiaji akiguswa na mpira ulioshikwa kabla hajafika, ametolewa; wakitolewa watatu, zamu ya timu yao imekwisha.

Kipa wetu anaitwa Masalu. Ni fundi pancha, kibanda chake kiko barabarani pale Kisesa. Mtu mfupi, mpole, akipiga mpira hauendi popote. Lakini kudaka, wakuu! Na akitaka kurusha hasimami wima kama makipa wengine. Anarusha akiwa bado amekunja magoti, mkono unapita chini ya sikio, kama mtu anayechomoa tairi kwenye ringi. Mwizi anafika kituoni anakuta mpira umeshafika unamsubiri.

Sasa shida ilipoanzia.

Tulicheza na Usagara. Wao wana mpigaji anaitwa Elias, wanamwita Nyundo. Jitu. Katika ngwe ya mwisho, yaani zamu ya mwisho ya kupiga, Nyundo alikuwa anarudi nyumbani mbio na Masalu alikuwa amesimama njiani na mpira mkononi. Wakagongana. Masalu aliruka kama gunia, akaangukia bega. Mpira hakuuachia. Nyundo akawa ametolewa, tukashinda.

Ila bega likaumia. Hospitali wakamwambia mfupa ni mzima, lakini asirushe kitu chochote mpaka maumivu yaishe na nguvu irudi. Lini? Hawakumwambia lini.

Haikupita muda, bosi wa Usagara akaja karakana kwangu. Anaitwa Lameck, ana duka la vifaa vya ujenzi kule njia panda. Akasema, "Mjapani, nipe yule kipa wako, nikupe Nyundo. Jumla."

Nikamwambia kipa ni mgonjwa.

"Najua. Atapona akiwa kwangu."

Wakuu, mtu anayetaka mgonjwa wako na kukupa mzima wake, jiulize anaona nini. Mimi nilijiuliza. Mashabiki wangu hawakujiuliza. Habari zilipofika Kisesa ilikuwa kama sikukuu.

Kiongozi wa waliotaka mabadilishano alikuwa Mwalimu Projest, mtu wa Bukoba, mwalimu wa hesabu, shabiki wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Hoja yake ilikuwa rahisi: ushindi ni pointi, Nyundo analeta pointi, Masalu haleti.

"Masalu anazuia pointi," nikamwambia.

"Pointi iliyozuiwa naiandika wapi ubaoni, Mjapani? Nionyeshe."

"Nshomile ameanza usomi wake!" akadakia Mama Sayi, anayeuza chai na viazi pale uwanjani. "Mwalimu, wewe mlango wa nyumba yako ulishakuletea ugali? Mbona unaufunga?"

Watu wakacheka, lakini wengi walikuwa upande wa Mwalimu.

Nilipita kibandani kwa Masalu. Alikuwa anaziba tairi kwa mkono mmoja, mwingine ameuegemeza kifuani. Hakuniangalia. Akasema, "Bosi, kama mimi ni spea iliyotumika, niambie tu. Usagara siendi. Nitaacha mchezo, nibaki na pancha zangu."

Nikamwambia hakuna anayemuuza. Lakini ukweli ni kwamba timu haikuwa yangu peke yangu. Uwanja walifyeka wao. Nikilazimisha, Jumamosi nacheza na nani, na mbele ya nani?

Tukakubaliana na Lameck atuazime Nyundo mechi moja tuone. Tukaialika timu ya chuo kimoja cha mjini.

Wakuu, Nyundo alipiga mpira ukavuka uwanja, ukavuka njia, ukaangukia kwenye shamba la viazi la watu. Akapiga na wa pili. Mama mmoja alivua kanga akaitandika apite juu yake. Mwalimu Projest alikuwa anarukaruka na miwani mkononi.

Na tukafungwa vibaya.

Kwa sababu kipa wa akiba alikuwa anadaka kama anakwepa. Mrushaji wetu Deus, ambaye kwa kawaida mpira wake unalia hewani, siku hiyo alikuwa anarusha polepole kama anampa mtoto embe. Nikamfuata: vipi? Akasema, "Nikirusha kwa nguvu utampita, wataiba vituo vyote." Na kweli waliiba. Vijana wa chuo walikuwa wanaiba huku wanacheka.

Mimi nikadhani basi, kesi imekwisha, kila mtu ameona. Wapi! Mashabiki waliondoka wanazungumzia shamba la viazi. Kufungwa wakamlaumu mwamuzi.

Jumamosi iliyofuata Lameck akaja na pikapu yake, ndani yumo Nyundo na begi lake la nguo. Siku ya kuamua. Masalu naye alikuja, akasimama pembeni kwenye mstari akiwa na kinyago chake mkononi. Nilielewa. Alikuja kukirudisha.

Nikasema tupige kura kwa kunyoosha mikono, kistaarabu, kama kule kiwandani.

Mama Sayi akakataa. "Mikono ya nini? Mtu ananyoosha huku anamwangalia jirani. Hapa ni Bujora. Watu watembee."

Wasio wa kwetu niwafafanulie. Kwetu ngoma zikishindana, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja. Watazamaji wanahama kwa miguu yao kwenda kwenye ngoma iliyonoga. Unaweza kuanza na umati ukamaliza na mbwa. Mwenye watu ndiye kashinda.

Basi Nyundo akasimamishwa upande wa kulia, Masalu kushoto. Mama Sayi akapiga sufuria kwa mwiko.

Watu wakaenda kulia.

Nawaambia ukweli, nilihisi vibaya. Walikwenda wakicheka, wakimgusa Nyundo mikono, hata kipa wa akiba alikwenda. Kushoto tukabaki mimi, Mama Sayi na beseni lake la viazi. Masalu alikuwa anaangalia chini. Akainama, akaweka kinyago kwenye majani.

Hapo Deus akatoka kwenye kundi la kulia. Akavuka katikati ya uwanja peke yake, kwa mwendo wa mtu aliyesahau kitu nyumbani, akaja kusimama nyuma ya Masalu. Akasema, "Mimi mkono wangu unamjua huyu."

"Watatu na beseni!" mtu akapiga kelele. Kicheko.

Kisha Nyundo mwenyewe akaanza kutembea.

Kicheko kilikatika hapo hapo. Lile jitu likaja mpaka mbele ya Masalu, likasimama. Lameck akaita, "Elias! Unakwenda wapi wewe?"

Nyundo akageukia watu. Si msemaji, alikuwa anatafuta maneno. "Siku ile nilimgonga kwa nguvu zangu zote. Nilitaka auachie mpira. Hakuuachia. Mimi Usagara napiga mbali kila wiki, na kila wiki tunafungwa, kwa sababu hatuna mtu kama huyu. Mnataka kumtoa ili mnipate mimi? Sasa mtakuwa Usagara."

Halafu akamwambia Masalu kwa sauti ndogo, "Pole ya bega, kaka."

Masalu akajibu, "Imepita." Akakiinua kinyago kutoka chini.

Wakuu, niliona watu wakitembea. Mmoja, wawili, halafu kundi. Yule mama wa kanga akaja. Kipa wa akiba akaja amefunika uso kwa glavu. Kulia akabaki Mwalimu Projest na Lameck na pikapu.

"Mwalimu, njoo!" tukamwita.

Akatembea taratibu, mikono nyuma. Alipofika akasema, "Mimi sijahama. Nimesogea."

Lameck alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Alikuja kutafuta kipa, anaondoka bila kipa na mpigaji wake ametangaza kuwa timu yake ni mbovu. Hapo ndipo elimu yangu ilipofanya kazi. Nikamwita pembeni nikamwambia: Masalu hawezi kurusha, lakini kuchuchumaa anaweza, na mdomo wake hauumwi. Atakuja Usagara kila Jumapili baada ya misa amfundishe kipa wako. Wewe tuazime Nyundo hadi bega lipone. Akipona, Nyundo anarudi kwako, na sisi tunakuja kucheza.

Sawa, wazo lilikuwa la Masalu, alininong'oneza. Lakini aliyelipanga na kulisema likakubalika ni mimi.

Ikawa hivyo. Kipa wa Usagara anaitwa Benja, ni fundi cherehani, mikono myepesi. Masalu alikuwa anapanda pikipiki kwenda kwake na kurudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Bega likaanza kurudi kidogo kidogo. Kwanza akawa anarusha limao. Baadaye mpira, karibu. Siku moja nikamsimamia kituo cha pili, akachuchumaa, akarusha, glavu yangu ikalia paa! Kiganja kiliwaka moto. Sikumwambia kimeniuma, nilimwambia arudie.

Nyundo akarudi kwao na mechi ikaja. Usagara walikuja Kisesa na mashabiki wao. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa ziwa lakini mvua ilituheshimu.

Katika ngwe za mwanzo mkimbiaji wao mmoja akajaribu kumwibia Masalu. Masikini. Uwanja mzima ukaimba jina la Masalu, na aliyeanzisha wimbo ni Mwalimu Projest, ambaye sasa anawaeleza watu kwamba yeye siku zote aliamini katika ulinzi.

Ngwe ya mwisho wao walikuwa mbele kwa pointi moja, sisi tumebakiza nafasi moja tu ya kutolewa. Tulikuwa na mtu kituo cha kwanza, ndiye mwenye mbio kuliko wote timuni. Nikampa ishara: iba.

Akatoka kama mshale. Na mimi nikamwangalia Benja.

Benja hakusimama. Alidaka, akabaki amekunja magoti, mkono ukapita chini ya sikio kama mtu anayechomoa tairi kwenye ringi. Mpira ukafika, ukasubiri. Mtu wetu akatolewa.

Mechi ikaisha. Tumefungwa.

Upande wetu watu wakaanza kukusanya vitu vyao. Kisha nikasikia mtu anapiga makofi, peke yake, nyuma yangu. Masalu. Kinyago amekipandisha kichwani, anapiga makofi kwa mikono miwili, juu, bega zima kabisa.

Mama Sayi akamfokea, "Masalu! Unashangilia msiba?"

"Mama," akasema, "nashangilia kazi yangu."

Akaanza kuvuka uwanja kumfuata Benja. Deus akamfuata. Kisha mashabiki wetu wakaanza kutembea, hakuna aliyepiga sufuria. Usagara nao wakawa wanakuja, Nyundo mbele. Tukakutana katikati, ikawa haijulikani nani yuko na umati. Nikageuka nikamkuta Mwalimu Projest.

"Umehama?"

"Nimesogea."

Nilichojifunza, wakuu, na nimesoma mpaka diploma: thamani ya mchezaji usiitafute kwenye kile anachofanya akiwa mzima tu. Angalia pia wenzake wanakuwaje akikosekana. Deus bila Masalu alikuwa nusu mtu. Na Usagara walipopata alichonacho Masalu, bila kumchukua Masalu mwenyewe, wakatufunga. Roho iliniuma jioni ile, lakini nilikula sato wangu wote. Sasa kuna watu wa Magu wamekuja kuuliza glavu zinapatikana wapi. Nimewaambia wamwone Mjapani.

Sasa nawaachia uwanja. Ungekuwa wewe, siku ile sufuria ilipopigwa, ungekwenda kulia au kushoto? Semeni ukweli. Na wale wa kusema "mimi ningebaki na Masalu tangu mwanzo", Mwalimu Projest yumo humu jukwaani anasoma, atawapokea.

Wabeja sana.